Nimepindua karibu na boya la juu, wa nyuma akalazimika kupanda upeponi. Nani mwenye haki?

KusiMsasani (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jioni. Naomba wenye uzoefu wa kanuni za mashindano ya matanga mniamulie jambo moja, maana ufukweni tumebishana mpaka watu wakaenda zao, kila mmoja na lake.

Tunashindana kwa ILCA 6 (chombo kidogo cha mtu mmoja, tanga moja) hapa ghuba ya Msasani. Jumamosi kusi ilikuwa imechangamka na maji yanajaa. Mbio zilikuwa za kawaida: kubisha (kupanda dhidi ya upepo) hadi boya la juu, kulizunguka kwa kuliacha kushoto, kisha kushuka na upepo. Mimi nilipanda kwa upande wa kushoto wa uwanja, kwa hiyo karibu na boya nikawa narudi nikiwa na upepo wa kushoto, yaani upepo unaniingilia ubavu wa kushoto. Mbele yangu safu nzima ya vyombo vya upepo wa kulia inaelekea boya. Nikaona pengo kati ya chombo cha tatu na cha nne, nikaingia, nikapindua, yaani nikageuza chombo mbele yake ikapita upeponi, nikawa na upepo wa kulia. Hapo boya lilikuwa mbali kama urefu wa vyombo viwili.

Nilipomaliza kupindua nilikuwa naenda joshi (karibu na upepo kadiri chombo kinavyoweza) sawasawa na boya nalipata bila kupindua tena. Yule wa nne alikuwa nyuma yangu kabisa, omo (mbele) yake haijafika usawa wa tezi (nyuma) yangu. Tatizo ni kwamba mimi ndiyo kwanza natoka kupindua, mwendo umekufa, na yeye anakuja na kasi yake yote. Akasukuma kana (mpini wa usukani), akapanda upeponi, akapita joshini kwangu, upande upepo unakotoka, karibu kabisa, huku anaita "Protest!" Hatukugusana. Lakini alitoka nje ya boya na vyombo viwili vikampita.

Ufukweni akaniambia nilipaswa kufanya mizunguko miwili ya adhabu palepale. Hakupeleka fomu, kwa hiyo matokeo hayakubadilika. Ila mimi nataka kujua ukweli.

Kanuni ya 13 inanitaka nimpishe mwenzangu tangu omo inapokata upepo hadi niwe naenda joshi. Nimempisha. Kanuni ya 12 inasema wa nyuma ampishe wa mbele. Aliponijia ubavuni akawa joshini, na kanuni ya 11 inasema wa joshini ampishe wa demanini (upande upepo unakokwenda). Na ya 18 inasema wa kwanza kufika kwenye boya apewe nafasi. Kanuni zote hizo ziko upande wangu. Yeye ana neno moja tu: "Huwezi kupindua ndani ya eneo," yaani duara la maji yanayozunguka boya. Hiyo kanuni iko wapi? Sijawahi kusoma kwamba ni marufuku kupindua karibu na boya.

BoyaLaChini (Kisumu)

Kaka, kwa nilivyofundishwa mimi, kwenye boya aliye ndani ndiye mwenye haki. Wewe ulikuwa ndani, yeye nje. Kosa lako ni kwamba hukupiga kelele "Nafasi!" mapema. Huku ziwani tunaita tukiwa mbali, mwenzako anasikia, anafungua njia. Ukinyamaza unapoteza haki yako.

Na mimi nina langu, nisaidieni hapohapo. Boya la chini, tunashuka na upepo. Mimi niko ndani na upepo wa kushoto, mwenzangu yuko nje na upepo wa kulia. Anapiga kelele "Upepo wa kulia!" na anataka nimpishe. Nimpishe niende wapi, nipande juu ya boya?

DadaWaTudor (Mombasa)

KusiMsasani mdogo wangu, hujambo. Umeuliza vizuri, na umetaja mambo ambayo kikao chochote kingekuuliza: umbali kutoka boya, nani alikuwa nyuma, nani alipanda upeponi. Mimi nafundisha watoto Optimist (chombo kidogo cha watoto) hapa mkono wa Tudor na huitwa kukaa kwenye vikao vya kusikiliza malalamiko. Kesi kama yako naijua sana, na kila mara inayeyushwa na jambo moja ambalo washindani wawili hawakulitazama.

Kanuni unayoitafuta ni 18.3. Kupindua ndani ya eneo si marufuku, hapo uko sawa na mwenzako amekosea. Kwa maneno yangu inasema hivi: boya likiwa la kuachwa kushoto, nawe ukiwa ndani ya eneo ukakata upepo, ukatoka upepo wa kushoto kuingia wa kulia, na baada ya hapo ukawa unalipata boya, basi usikilazimishe chombo ambacho kimekuwa na upepo wa kulia tangu kilipoingia kwenye eneo kupanda upeponi kupita joshi ili kisikugonge. Na kama chombo hicho kitakuja ubavuni kwako kwa ndani, yaani kati yako na boya, utakipa nafasi ya kuzunguka. Halafu inakuja sentensi fupi ambayo wengi huiruka: kanuni hii inapofanya kazi kati ya vyombo viwili, 18.2 haifanyi kazi kati yao. Hiyo 18.2 ndiyo uliyoiegemea uliposema wa kwanza kufika apewe nafasi. Kati yenu wawili haikuwepo.

Sasa tazama hizo nyingine ulizozitaja. Ya 13 uliitimiza. Ya 12 ni kweli, yeye alikuwa nyuma. Ya 11 ni kweli, alipokuja joshini alipaswa kukupisha, na alikupisha, ndiyo maana hamkugusana. Kwa hiyo haki ya njia ulikuwa nayo. Lakini 18.3 haiulizi haki ya njia iko kwa nani. Inamfunga huyohuyo mwenye haki: una njia, ila huruhusiwi kuipata kwa kumfanya mwenzako apande kupita joshi. Watu wakisoma kanuni hizi huishia kwenye ukurasa wa kwanza, wa nani ampishe nani, kuanzia 10 hadi 13. Kuanzia 14 hadi 17 ni mipaka ya yule anayepishwa. Ya 18 ni nafasi kwenye boya. Mtu anaweza kuwa na njia bila nafasi, akawa na nafasi bila njia, au akawa na vyote viwili na bado akavunja mpaka.

Kanuni hii ina sababu yake, na ukiishika hutaisahau. Vyombo vinavyokuja na upepo wa kulia vimejipanga kwenye mstari mmoja wa kulipatia boya kama foleni ya kivuko cha Likoni. Vimekubali kula upepo uliochafuliwa na matanga ya mbele ili viwe na uhakika wa kufika. Akitokea mtu na upepo wa kushoto, akachomeka omo kwenye upenyo mwembamba akiwa hana mwendo, wa nyuma hana pa kwenda. Demanini kuna boya, joshini atapoteza kasi, na waliomfuata wanamjia tezini. Hapo ndipo vyombo vilikuwa vinagongana. Kizuizi cha kupindua karibu na boya kiliingia kwenye kitabu cha mwaka 1997. Wakati huo eneo lilikuwa urefu wa vyombo viwili, na tangu 2009 likawa vitatu. Mwaka 2017 wakaiandika upya, ikabaki kwa boya la kuachwa kushoto peke yake. Kitabu tunachotumia sasa ni cha 2025 hadi 2028 na bado imo.

Eneo linapimwa kwa urefu wa gamba la chombo kilicho karibu zaidi na boya. ILCA ni mita 4.23, kwa hiyo eneo lenu ni mita 12 na nusu na kidogo. Kwa watoto wangu wa Optimist, chombo cha mita 2.3, eneo ni mita 7 tu. Umesema ulipindua boya likiwa umbali wa vyombo viwili. Basi ulikuwa ndani, hilo halina ubishi. Kama ungepindua ukiwa mbali kwa vyombo vinne, 18.3 isingekugusa hata kidogo, na hoja zako za 12 na 11 zingesimama. Ungebaki na deni la kanuni ya 15 tu, kwamba ukishapata haki ya njia kwa kitendo chako mwenyewe unampa mwenzako nafasi ya kuanza kukupisha.

Sasa lile jambo moja ambalo hukulisema, na ndilo linaloamua. Kabla hujapindua, yule mwenzako alikuwa anaendaje? Alikuwa anaenda joshi, tanga limekazwa, yuko kwenye mstari wenyewe wa boya? Au alikuwa amepitiliza, yuko juu ya mstari, anashuka kuelekea boya na tanga limelegezwa kidogo? Kama alikuwa amepitiliza, alikuwa na akiba. Angeweza kupanda kutoka pale alipokuwa hadi joshi bila kuvuka joshi, na kupanda kwa namna hiyo kanuni haikukatazi kumsababishia. Kinachokatazwa ni kumvusha. Kwa hiyo kumwona tu akisukuma kana hakutoshi. Mwangalie tanga. Chombo kikipanda kupita joshi, ukingo wa mbele wa tanga, karibu na mlingoti, unaanza kupepea, vile vinyuzi vya sufi vya upande wa joshini vinaruka juu, mwendo unaanguka. Je, uliliona tanga lake linapepea? Kuna mtu wa tatu aliyeliona?

Jibu hilo kwanza, ndipo nikuambie ungefutwa au la.

BoyaLaChini ndugu yangu wa ziwani, kwa heshima zote, ulichomwambia mwenzetu kitamponza. Mnapobisha kwenda boya la juu na mna upepo tofauti, mmoja wa kulia na mwingine wa kushoto, kanuni ya 18 nzima haipo kati yenu. Hakuna wa ndani wala wa nje. Iko ya 10 peke yake: upepo wa kushoto ampishe wa kulia. Nimeona watu wanakuja na upepo wa kushoto, boya liko kushoto kwao, wanapiga kelele "Nafasi!" kwa safu ya upepo wa kulia. Wanapata kugongwa ubavuni na kufutwa juu yake.

Na kelele yenyewe. Kitabu hakimtaki mtu yeyote aite ili apate nafasi ya boya. Ama unayo kwa jinsi mlivyokuwa mlipofika kwenye eneo, ama huna, na sauti haibadilishi kitu. Kuita ni ungwana na ni usalama, endelea kuita. Panapohitajika kuita kwa sheria ni kanuni ya 20, unapoomba nafasi ya kupindua kwa sababu mbele kuna kizuizi kama mwamba au gati.

Swali lako la boya la chini ni tamu, na hapo haki ni yako. Mnaposhuka na upepo, kuwa na upepo tofauti hakuiondoi kanuni ya 18. Cha kuuliza ni hiki tu: wa kwanza kati yenu alipofika kwenye eneo la vyombo vitatu, mlikuwa ubavuni? Nikisema ubavuni nina maana chora mstari unaokatiza tezi ya aliye mbele, pembe mraba na chombo chake. Aliye nyuma akiwa ameuvuka hata kwa ncha ya omo, mko ubavuni. Kama mlikuwa hivyo, wa nje anampa wa ndani nafasi, hata kama huyo wa nje ana upepo wa kulia. Kelele zake za "Upepo wa kulia!" hazimwondolei deni hilo. Kwa kanuni ya 10 bado yeye ndiye mwenye njia, na wewe ukiwa ndani ya nafasi uliyodaiwa ukashindwa kumpisha, kanuni ya 43 inakufutia kosa.

Ila sikiliza vizuri, ndani ya nafasi uliyodaiwa. Nafasi ya boya ni ya kwenda hadi kwenye boya na kulizunguka kibaharia, bila kuligusa. Haikupi kuingia kwa upana, kutoka mbali na boya, ili utoke ukilipangusa na kuanza kubisha ukiwa juu ya wenzako wote. Mzunguko huo mpana ni wa yule aliye ndani na ana haki ya njia pia. Wewe mwenye upepo wa kushoto, au uliye joshini, njoo moja kwa moja boyani. Ukichukua mita mbili za ziada na mkagongana humo, kosa ni lako. Na hata aliye ndani mwenye haki ya njia, kama mwendo wake unamtaka apindue kwa tezi (tezi ikipita upeponi) kwenye boya, 18.4 inamkataza kwenda mbali na boya kuliko inavyohitajika kabla hajapindua. Asikuburute.

KusiMsasani

Dada, asante sana. Nimesoma mara mbili. Hiyo sentensi ya 18.2 kutofanya kazi sikuwa nimeiona kabisa.

Kuhusu tanga lake, kusema kweli macho yangu yalikuwa mbele kwenye boya. Nilisikia tanga linapiga, ila sijui lilikuwa lake au la mwingine. Namuita hapa kijana aliyekuwa chombo cha tano. @PweraMbudya, ulikuwa nyuma yetu, uliona nini?

PweraMbudya (Dar es Salaam)

Nipo. Niliona yote, nilikuwa nyuma ya wa nne kama chombo kimoja na nusu, kwenye mstari uleule.

Hatukuwa tumepitiliza. Tulikuwa tunaenda joshi wote na maji yalikuwa yanatusukuma chini, mimi nilikuwa hata na wasiwasi kama boya nitalipata. Ulipopindua mbele yake alivuta kamba kidogo kwanza, nadhani alikuwa anajaribu kuona kama atakaa nyuma yako. Akaona anakufikia. Akasukuma kana. Tanga lake lilipepea kutoka mlingotini hadi katikati kabisa, na mtango (mti wa chini ya tanga) ukaja juu ya chombo. Chini yako asingeweza kupita, kati yako na boya hapakuwa na maji ya kutosha. Mimi mwenyewe ilibidi nipande kidogo baada yake.

Sikusema ufukweni kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

DadaWaTudor

Basi limekwisha, KusiMsasani. Ukweli ukiwa huo, kikao kingeandika hivi: chombo cha kwanza kilikata upepo ndani ya eneo kutoka kushoto kwenda kulia na kikawa kinalipata boya, cha pili kilikuwa na upepo wa kulia tangu kuingia kwenye eneo, cha pili kililazimika kupanda kupita joshi ili visigongane. Cha kwanza kimevunja 18.3. Kufutwa katika mbio hiyo.

Mizunguko miwili aliyokutajia ndiyo ingekuokoa. Unajitenga na wenzako haraka, unazunguka mara mbili mfululizo upande mmoja, kila mzunguko una kupindua kwa omo mara moja na kwa tezi mara moja, unaendelea na mbio. Kwa ILCA na upepo ule ni hasara ya vyombo vichache, na mbio yako inabaki hai. Mzunguko mmoja ni wa kugusa boya.

Naye angetaka haki yake, kuita "Protest" peke yake ni nusu ya kazi. Kuita aliita kwa wakati, na kwa kuwa chombo chake hakifiki mita 6 bendera nyekundu haikuhitajika. Lakini fomu inatakiwa ifike ndani ya saa mbili tangu chombo cha mwisho kumaliza, isipokuwa maelekezo ya mashindano yaseme vingine. Naomba umwambie aipeleke siku nyingine. Si ugomvi, ndivyo mchezo huu ulivyo, hauna refa anayefuata kila chombo. Tusipopeleka fomu kanuni zinabaki za kubishaniwa ufukweni.

Na wewe PweraMbudya, ulipopanda wewe pia, nawe ungeweza kulalamika kwa haki yako mwenyewe, ikiwa ulipanda kwa sababu ya KusiMsasani na ulikuwa umeshaingia kwenye eneo.

MzeeWaShela (Lamu)

Salaam aleikum wanangu. Nimewasoma kwa furaha, maana ujana wangu nilishika kamba kwenye vyombo vya mashindano Mombasa, na sisi tuliambiwa vyombo viwili. Nilidhani huyu binti amekosea, kumbe wamebadilisha.

Nina swali la kwetu. Huku mashua zinashindana, na maboya tunazunguka, na watu ni wengi na hamasa ni kubwa. Vijana wanataka tuandike kanuni ili mambo yasiishie kwenye maneno makali. Mmoja ameniletea hizi za kizungu zimefasiriwa. Lakini chombo cha tanga la pembe tatu hakipindui kama hivyo vidogo vyenu. Kukisi tanga ni kazi: unashuka na upepo, foromali (mti unaobeba tanga) inasimamishwa mlingotini, tanga linapitishwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, na tezi ndiyo inayopita upeponi. Chombo kinakula bahari kubwa muda wote huo. Hiyo 18.3 yenu itatufaa?

DadaWaTudor

Waaleikum salaam mzee wangu, shikamoo. Hapana, ile ya kwako uliifundishwa sahihi, ilikuwa viwili mpaka mwisho wa 2008.

18.3 haitawafaa, na umeshaitaja sababu mwenyewe. Inamshika aliyekata upepo kwa omo ndani ya eneo. Chombo kinachokisi kwa kushuka na kupitisha tezi upeponi hakifanyi kitendo hicho, kwa hiyo kanuni itakuwa imeandikwa na haimgusi mtu. Tena hatari yenu iko upande mwingine: anayekisi anashuka demanini, anawajia waliokuwa chini yake. Kwa mashua ningeanza na jambo moja tu, mzee: anayekisi awapishe wote tangu anapoanza kushuka hadi tanga lishike upepo upande wa pili. Halafu boya muweke mbali na ufuko na mbali na watazamaji, na eneo lipimwe kwa mnachokiona nyinyi wenyewe mkiwa majini. Vyombo vitatu vya Optimist ni mita 7, kwa mashua zenu vitatu ni uwanja mzima. Mkikaa na manahodha kuandika, nipo, nitakuja.

BoyaLaChini

Dada, nimekuelewa, na kesho nitalitazama boya la chini kwa macho mengine. Ila kuna jambo linanitatiza. Tunafika kwenye eneo, mimi nasema nilikuwa ubavuni, yeye anasema hapana, nilikuwa nyuma nikaingiza omo baadaye. Hakuna shahidi. Kikao kinafanyaje?

DadaWaTudor

Kitabu kimeliona hilo. Kukiwa na shaka ya maana kama chombo kilifika ubavuni kwa wakati, kinahesabiwa hakikufika. Na kukiwa na shaka kama kilijitoa ubavuni kwa wakati, kinahesabiwa hakikujitoa. Yaani hali iliyojulikana kwa uhakika mara ya mwisho ndiyo inayoendelea.

Kwa hiyo wewe unayetoka nyuma, usingoje ukingo wa eneo. Fika ubavuni mkiwa mbali kwa vyombo vitano au sita, mwambie mwenzako "Niko ubavuni", akujibu. Hapo kuita kunakuwa na faida, kwa sababu akikubali majini hatageuka kikaoni. Na wewe uliye mbele unayetaka kumkatalia, mwambie "Huko ubavuni" mkiwa bado nje ya eneo, mara uonapo pengo. Ukimwona anaingiza omo kwa kuchelewa, mkiwa tayari ndani, usimbane kwenye boya kumwadhibu. Kanuni ya 14 inakutaka ukwepe mgongano pale inapowezekana, na fomu ipo.

KusiMsasani

La mwisho, dada, kisha niwaache. Maji. Siku ile bamvua (maji makubwa) ilikuwa inajaa na mkondo unatusukuma mbali na boya. Nilipokaribia niliona sitalipata vizuri, nikapanda upeponi kidogo, omo ikakaribia kabisa kukata upepo, chombo kikateleza kwa mwendo wake, nikalivuka boya, nikashuka. Je, mtu aliyefanya hivyo anahesabiwa "analipata boya"? Nilifikiri pengo langu la kutokea liko hapo.

DadaWaTudor

Anahesabiwa. Kulipata boya maana yake uko mahali unapoweza kulipita kwa joshini na kuliacha upande unaotakiwa bila kubadilisha upepo. Kupanda na kuteleza kwa mwendo bila omo kukata upepo hakubadilishi upepo, bado una upepo wa kulia, kwa hiyo 18.3 ilikushika.

Kama mkondo ungekuzidi, ukashindwa, omo ikakata upepo, hapo unarudi chini ya kanuni ya 13 na unapaswa kuwapisha wote mpaka uende joshi tena. Ukiwa mbele ya safu nzima ya upepo wa kulia, hapo pabaya zaidi.

Bamvua ikijaa Msasani, kwa mkondo huohuo, usiutafute mstari wa boya kwa upepo wa kushoto karibu hivyo. Ukiona safu imeshajaa, legeza kamba mapema, pita nyuma ya tezi ya wa nne na wa tano, panda mpaka uwe juu kidogo ya mstari wao, pindua huko ukiwa nje ya vyombo vitatu. Utapoteza nafasi mbili, na utaingia boyani una mwendo.